Kusakinisha na kusanidi programu ya wavuti kwenye seva ya Tomcat: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametokana na mazungumzo ya mara kwa mara na maafisa TEHAMA, wanafunzi wa kompyuta na watunza mifumo wa vyama vya ushirika hapa Dodoma na katika wilaya za jirani, watu ambao kila mmoja kwa wakati wake amekabidhiwa faili moja lenye mwisho wa .war, yaani kifurushi cha programu ya wavuti ya Java, na kuambiwa kwamba mfumo uwe hewani ifikapo Jumatatu. Mifano yote inahusu mfumo wa kubuni wa kusajili wakulima wa zabibu, ambao faili lake tutaliita zabibu.war, ukiwekwa kwenye seva ya Ubuntu yenye Tomcat na hifadhidata ya PostgreSQL. Majibu mengi yanarudi kwenye kanuni moja: seva ikae mahali pake, programu mahali pake, na mipangilio pamoja na data za watu mahali pake, ili kimoja kiweze kubadilishwa bila kuharibu kingine.

Seva ya Java ni nini, na kwa nini programu yangu haiwezi kukaa kwenye seva ya kawaida ya wavuti?

Seva ya kawaida ya wavuti, kama vile Nginx, kazi yake kubwa ni kupokea ombi la kivinjari na kurudisha faili lililopo kwenye diski. Programu iliyoandikwa kwa Java haina faili lililo tayari kurudishwa. Inahitaji mazingira yatakayoipakia kwenye memori, kuipatia kila ombi linaloingia, kutunza kumbukumbu ya nani ameingia kwenye mfumo, na kuizima kwa utaratibu. Mazingira hayo ndiyo Tomcat. Tomcat ilianzia katika kampuni ya Sun Microsystems, mikononi mwa James Duncan Davidson, na mwaka 1999 ikakabidhiwa kwa Apache Software Foundation, ambayo inaitunza hadi leo bila malipo kwa mtumiaji. Walio katika sekta ya afya wameshakutana nayo hata kama hawakulijua jina lake, kwa kuwa DHIS2 na OpenMRS, mifumo ya taarifa za afya, zote ni programu za Java zinazowekwa kwenye seva ya aina hii.

Nichague toleo lipi la Tomcat na toleo lipi la Java?

Usichague toleo jipya kwa sababu tu ni jipya. Chagua lile ambalo programu yako iliandikiwa. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wengi, na chanzo chake ni badiliko la jina. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle ilitangaza kukabidhi Java EE, yaani mkusanyo wa teknolojia za Java kwa programu za seva, kwa Eclipse Foundation, na kwa kuwa jina la Java lilibaki mali ya Oracle, teknolojia hiyo ikaitwa Jakarta EE. Baadaye hata majina ya ndani ya msimbo yalibadilika, hivyo kilichokuwa javax.servlet kikawa jakarta.servlet. Tomcat 9 inaelewa jina la zamani tu, na Tomcat 10 na kuendelea inaelewa jina jipya tu. Programu ya zamani ikiwekwa kwenye Tomcat 10 haitaharibika kwa kelele. Mara nyingi itakataa tu kuwaka, na wewe utabaki unatafuta kosa kwenye hifadhidata ilhali hifadhidata haina hatia.

Kwa upande wa Java yenyewe, Tomcat 9 na 10.0 zinahitaji Java 8 au zaidi, Tomcat 10.1 inahitaji Java 11 au zaidi, na Tomcat 11 inahitaji Java 17 au zaidi. Ukiona kwenye logi, yaani mafaili ambamo seva huandika matukio yake, neno UnsupportedClassVersionError, maana yake ni kwamba programu iliundwa kwa Java mpya kuliko iliyopo kwenye seva. Ujumbe huo hutaja namba, nayo namba ina tafsiri yake: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, na 65 ni Java 21.

Ikiwa unalazimika kuweka programu ya zamani kwenye Tomcat 10, tengeneza folda iitwayo webapps-javaee pembeni ya webapps, uweke faili la WAR humo, na Tomcat italigeuza yenyewe kabla ya kulipeleka kwenye webapps. Njia hii inasaidia, lakini ni daraja la kuvukia tu, kwa hiyo mwombe aliyeandika programu akupatie toleo lililobadilishwa ipasavyo. Ieleweke pia kwamba si kila javax iliyobadilika: javax.sql, kwa mfano, ni sehemu ya Java yenyewe na imebaki vilevile, hivyo usiende kufuta kila neno javax unaloliona.

Usakinishaji wenyewe unaanzia wapi?

Anza na Java, kwa amri ya sudo apt install openjdk-17-jdk, kisha uhakikishe kwa java -version. Pakua Tomcat kutoka tovuti rasmi ya Apache, na kabla ya kuifungua linganisha alama ya SHA-512 (mfuatano wa herufi na namba unaotambulisha yaliyomo kwenye faili) iliyoandikwa kwenye tovuti na ile inayotolewa na sha512sum kwenye faili ulilolipata. Wengi huruka hatua hii. Kwenye intaneti inayokatikakatika, faili pungufu ni jambo la kawaida, na nusu dakika ya kulinganisha huokoa jioni nzima.

Fungua kifurushi ndani ya /opt, kisha uunde mtumiaji maalumu wa mfumo aitwaye tomcat, asiye na uwezo wa kuingia kwa nenosiri, na umpe umiliki wa folda zile tu anazopaswa kuandika: logs, temp, work na webapps. Kamwe usiendeshe Tomcat kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Mtu akipata tundu kwenye programu yako ilhali Tomcat inaendeshwa na root, amepata seva nzima pamoja na kila kilichomo.

Mwisho, andika faili la huduma /etc/systemd/system/tomcat.service lenye JAVA_HOME, mtumiaji, na amri za kuwasha na kuzima, kisha utoe amri ya sudo systemctl enable --now tomcat. Ukifungua anwani ya seva yako kwenye poti 8080 na kuona ukurasa wa Tomcat, kazi ya kwanza imekwisha.

CATALINA_HOME na CATALINA_BASE zinatofautiana vipi, na je, nina haja ya kuzitenganisha?

CATALINA_HOME ni mahali ilipo Tomcat yenyewe, yaani folda za bin na lib zilizokuja na kifurushi. CATALINA_BASE ni mahali palipo na mambo yako: conf, logs, webapps, work na temp. Usipozitaja, zote mbili huwa folda moja, na mfumo unafanya kazi bila tatizo lolote hadi siku ya kubadilisha toleo la Tomcat.

Siku hiyo ndipo tofauti inapoonekana. Aliyechanganya huanza kunakili faili moja moja kutoka folda ya zamani kwenda mpya, akijaribu kukumbuka ni nini alichokigusa kwenye server.xml, faili kuu la mipangilio ya Tomcat, miaka miwili iliyopita. Aliyetenganisha hufungua Tomcat mpya pembeni ya ile ya zamani, hubadilisha mstari mmoja kwenye faili la huduma, na kuwasha upya. Na mambo yakienda kombo, huurudisha mstari uleule. Hata kama una programu moja tu, tenganisha tangu siku ya kwanza.

Faili la WAR naliweka wapi, na anwani yake itakuwaje?

Liweke ndani ya webapps. Jina la faili ndilo linaloamua anwani: zabibu.war litapatikana kwa /zabibu, na ukitaka programu ifunguke kwenye anwani kuu bila nyongeza yoyote, lipe jina la ROOT.war kwa herufi kubwa. Alama ya reli ndani ya jina hugeuka mkwaju, hivyo ushirika#zabibu.war litafunguka kwa /ushirika/zabibu. Kumbuka kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Zabibu na zabibu ni anwani mbili.

Nanakili WAR kutoka mbali, na kabla haijamaliza kufika Tomcat inalalamika kwamba faili ni bovu. Nifanye nini?

Tomcat hukagua folda ya webapps kila baada ya muda mfupi, na ikiona faili jipya huanza kulifungua papo hapo. Ikiwa faili lina megabaiti 150 na mtandao wako ni wa taratibu, Tomcat italikuta likiwa nusu, italijaribu, itashindwa, na kuandika kwenye logi kwamba imeshindwa kufungua zip. Watu huhitimisha kwamba WAR imeharibika na kumpigia simu aliyeiandika, naye hutuma tena faili lilelile.

Dawa ni kulipeleka faili kwanza kwenye folda nyingine iliyomo kwenye diski ileile ya seva, kwa mfano /opt/mapokezi, kisha likishafika lote ulihamishe kwa amri ya mv. Kuhamisha ndani ya diski moja hutokea mara moja. Tomcat haitaliona faili likiwa nusu hata kwa sekunde. Ukitumia rsync yenye uwezo wa kuendelea pale ilipokatikia, hutaanza upya kila mtandao unapoyumba.

Nenosiri la hifadhidata liandikwe wapi?

Lisiandikwe ndani ya WAR. WAR husafiri: hutumwa kwa barua pepe, hubebwa kwenye flashi, hubaki kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Isitoshe, nenosiri likiwa ndani ya WAR, kulibadilisha kunahitaji kuunda programu upya.

Andika faili liitwalo zabibu.xml ndani ya conf/Catalina/localhost, jina lake lilingane na la WAR, na ndani yake uweke maelezo ya muunganisho kwa namna hii:

<Context>
  <Resource name="jdbc/zabibu" auth="Container"
    type="javax.sql.DataSource"
    driverClassName="org.postgresql.Driver"
    url="jdbc:postgresql://127.0.0.1:5432/zabibu"
    username="zabibu" password="NENOSIRI_LAKO"
    maxTotal="20" maxIdle="5" maxWaitMillis="10000"
    validationQuery="SELECT 1" testOnBorrow="true"/>
</Context>

Programu itauomba muunganisho kwa jina la java:comp/env/jdbc/zabibu, wala haitahitaji kujua nenosiri. Faili la JAR (kifurushi cha msimbo wa Java) la kuunganishia PostgreSQL liwekwe kwenye lib ya Tomcat, kwa sababu ni Tomcat inayofungua muunganisho. Faili la zabibu.xml limilikiwe na root, kundi liwe tomcat, na ruhusa ziwe 640.

Usiliache maxTotal bila kulitaja. Thamani yake ya kawaida ni 8, na siku ambayo makarani kumi na wawili wanaingiza majina kwa wakati mmoja, wanne watangoja, na watakachokiona ni kivinjari kinachozunguka bila jibu. Sehemu ya testOnBorrow nayo ina sababu yake: hifadhidata ikiwashwa upya, miunganisho ya zamani iliyokuwa imeshikiliwa na Tomcat hufa, na bila ukaguzi huo mtumiaji wa kwanza wa asubuhi ndiye atakayekutana na kosa.

Tahadhari moja: ukibofya Undeploy kwenye ukurasa wa Manager, ule wa Tomcat wa kusimamia programu, Tomcat hufuta WAR, folda yake, na pia hilo zabibu.xml. Ukitaka kuisimamisha programu kwa muda tu, tumia Stop.

Je, picha na nyaraka ambazo watumiaji wanapakia zinaweza kukaa ndani ya folda ya programu?

Hapana, na ninalijibu swali hili kwa uchungu. Kuna ofisi moja niliyowahi kuihudumia ambako mfumo ulihifadhi picha za wanachama ndani ya webapps, kwenye folda ndogo iitwayo picha, kwa kuwa ndivyo mwandishi wa programu alivyoona rahisi na mimi sikuuliza. Ijumaa moja alasiri niliweka toleo jipya la WAR. Tomcat ilifanya inavyopaswa kufanya: ilifuta folda ya zamani yote na kufungua mpya. Jumatatu asubuhi karani alifungua kadi ya mwanachama wa kwanza akakuta mraba mweupe, akafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Watu wengine walikuwa wametembea kutoka vijiji vya mbali kuja kupigwa picha zile, na baadhi yao walilazimika kurudi.

Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninalomwuliza mwandishi wa programu yoyote ni mahali inapoandika mafaili. Jibu sahihi ni folda iliyo nje kabisa ya Tomcat, kwa mfano /var/lib/zabibu/nyaraka, ambayo njia yake inasomwa kutoka kwenye mipangilio. Ukiwa umesakinisha Tomcat kwa apt badala ya kuipakua, faili lake la huduma huizuia kuandika nje ya folda zake hata kama ruhusa za folda ni sahihi. Utaona ujumbe kwamba diski ni ya kusoma tu. Ongeza njia yako kwenye ReadWritePaths kwa kutumia sudo systemctl edit, kisha uwashe upya.

Tomcat imewaka vizuri, lakini kivinjari kinaonyesha 404. Tatizo ni nini?

Kuwaka kwa Tomcat na kuwaka kwa programu ni mambo mawili. Tomcat inaweza kuandika kwamba imemaliza kuwaka ilhali programu uliyoiweka imekataa, na kwa kuwa programu haipo, anwani yake inarudisha 404.

Fungua folda ya logs. Faili la catalina.out au lile la catalina lenye tarehe litakuonyesha mstari unaosema kwamba kisikilizi kimoja au zaidi kimeshindwa kuwaka na kwamba maelezo kamili yapo kwenye faili jingine. Wengi huishia hapo na kuanza kubahatisha. Faili hilo jingine ni localhost lenye tarehe ya siku, lililo kwenye folda ileile, na ndimo kosa lenyewe lilimoandikwa. Lifungue, utafute neno Caused by, na usome lile la mwisho kabisa, kwa kuwa la juu ni matokeo na la chini ndilo chanzo. Mara nyingi utakuta ni nenosiri la hifadhidata, folda isiyo na ruhusa, au JAR iliyokosekana.

Ikiwa Tomcat yenyewe haiwaki na logi inasema Address already in use, poti imeshachukuliwa. Amri ya sudo ss -ltnp itakutajia aliyeichukua.

Mfumo unakataa baadhi ya majina ya watu na ya mahali. Je, ni suala la mipangilio ya seva?

Chunguza kwanza ni majina gani. Kama yanayokataliwa ni yale yenye ng', kwa mfano kata ya Ng'hambi wilayani Mpwapwa, tatizo haliko kwenye Tomcat. Alama hiyo ya juu ndiyo inayotumika katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, kufunga maneno, na programu iliyoandikwa kwa kuunganisha vipande vya maandishi hudhani kwamba jina limeishia kwenye Ng, kisha hushindwa kuelewa hambi ni amri gani. Hili si usumbufu mdogo wa tahajia. Mlango uleule unaolikataa jina la kata ndio ambao mtu mwenye nia mbaya ataupitia kuingiza amri zake kwenye hifadhidata. Mrudishie mwandishi programu yake na umtake atumie PreparedStatement, njia ya Java inayotenganisha amri na data, kila mahali, na usikubali ushauri wa kuwaambia makarani waandike majina ya watu bila alama. Mtu ana haki ya kuandikwa jina lake lilivyo.

Ikiwa herufi zinageuka kuwa alama za kuuliza, hapo ndipo mipangilio inahusika. Tomcat tangu toleo la 8 husoma anwani kwa UTF-8 na Java tangu 18 hutumia UTF-8 kama kawaida yake. Kwa Java za nyuma ongeza -Dfile.encoding=UTF-8 kwenye CATALINA_OPTS ndani ya bin/setenv.sh, faili la mipangilio ya Java ambalo Tomcat hulisoma inapowaka.

Kwa nini saa za kwenye logi hazilingani na saa tunazoambiwa na watumiaji?

Hapa kwetu kuna tofauti mbili zinazojibandika moja juu ya nyingine. Ya kwanza ni kwamba seva nyingi, hasa za kukodi nje ya nchi, huwekwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ya pili ni kwamba mtumiaji husema saa kwa Kiswahili. Mtumiaji akisema mfumo uligoma saa nane na robo mchana, anamaanisha 14:15. Na seva iliyo kwenye UTC itakuwa imeandika 11:15. Nimewaona vijana wenye bidii wakisoma logi za 08:15 neno kwa neno, wasione kosa, na kumjibu mtumiaji kwamba hakuna kilichotokea.

Iweke seva kwenye saa zetu kwa sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, na ndani ya bin/setenv.sh ongeza -Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam kwenye CATALINA_OPTS. Ukipokea malalamiko kwa simu, uliza asubuhi, mchana au usiku, kisha andika kwa namba za saa ishirini na nne mbele ya mtumiaji akiwa bado kwenye simu.

Umeme ukikatika na kurudi, programu haiwaki yenyewe. Kwa nini?

Kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni kwamba huduma haikuwekewa enable, hivyo haijui kwamba inapaswa kuwaka pamoja na mashine.

Ya pili ni mpangilio wa kuwaka. Umeme ukirudi, PostgreSQL na Tomcat huamka kwa pamoja, na Tomcat ikitangulia, programu huitafuta hifadhidata, huikosa, na kufa, huku Tomcat ikibaki hai. Kwenye faili la huduma, chini ya sehemu ya Unit, andika After=network.target postgresql.service.

Ya tatu huwasumbua hata wazoefu. Tomcat huweza kuandika namba yake ya utambulisho kwenye faili la PID. Umeme ukikatika ghafla, faili hilo hubaki kwenye diski, na baada ya kuwaka upya namba ileile inaweza kuwa imepewa mchakato mwingine kabisa. Tomcat inaiona namba, inadhani yenyewe tayari inaendeshwa, na inakataa kuwaka. Hamishia faili hilo chini ya /run, ambako husafishwa kila mashine inapowaka.

Hayo yote hayaondoi haja ya UPS, hata ndogo ya kuipa seva dakika kumi za kuzima kwa heshima. Kwa ofisi zetu zenye vumbi la kiangazi, ikaguliwe na betri yake, kwa maana UPS iliyokufa inaonekana sawa na iliyo hai mpaka siku ya siku.

Je, niifungue poti 8080 kwa umma?

Hapana. Weka Nginx mbele, ipokee watu kwa HTTPS kwenye poti 443 na kuyapeleka maombi kwa Tomcat ndani ya mashine. Kwenye server.xml, ongeza address="127.0.0.1" kwenye Connector ya 8080 ili isisikilize nje. Vyeti vya Let's Encrypt ni vya bure, na programu ya certbot huvihuisha yenyewe. Ongeza pia RemoteIpValve, la sivyo logi zako zitaonyesha kwamba kila mtu duniani anatokea 127.0.0.1.

Nginx ina mipaka yake ambayo utaidhania ni ya Tomcat. Mtu akipakia picha yenye zaidi ya megabaiti moja na kupata kosa la 413, ongeza client_max_body_size. Kosa la 502 mara nyingi linamaanisha Tomcat haipo nyuma; 504 linamaanisha ipo lakini imechelewa kujibu kupita sekunde 60.

Poti ya AJP, 8009, njia nyingine ya seva ya mbele kuzungumza na Tomcat, iache ikiwa imefungwa. Februari 2020 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Ghostcat, namba CVE-2020-1938, iliyomwezesha mtu kusoma mafaili ya ndani ya programu kupitia poti hiyo, na tangu 9.0.31 Tomcat huja ikiwa imeizima. Ukikuta seva ya zamani yenye 8009 iliyo wazi, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza siku hiyo, hasa ikizingatiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Ukurasa wa Manager unanirudishia 403 hata baada ya kuweka nenosiri. Kwa nini?

Kwa sababu umewekewa mpaka wa kufunguliwa kutoka ndani ya mashine yenyewe tu. Usiuondoe mpaka huo. Tumia njia ya SSH kwa ssh -L 8080:127.0.0.1:8080 kisha ufungue localhost:8080/manager/html kwenye kompyuta yako. Nenosiri na jukumu la manager-gui viandikwe kwenye conf/tomcat-users.xml. WAR inayozidi megabaiti 50 haitapita kwenye ukurasa huo bila kubadilisha kikomo chake, lakini njia ya mv iliyoelezwa juu ni bora zaidi.

Tomcat ipewe memori kiasi gani?

Usipoiambia kitu, Java huchukua hadi robo ya memori ya mashine. Kwa seva ya gigabaiti 4 inayobeba pia PostgreSQL, nimeona -Xms512m -Xmx1536m ikitosha kwa mfumo wa ukubwa huu. Iandike kwenye bin/setenv.sh. Ukiona OutOfMemoryError, usikimbilie kuongeza namba kabla hujajua kama kuna ripoti moja inayovuta jedwali zima kwa mkupuo.

Diski imejaa ingawa data ni kidogo. Nini kimeijaza?

Angalia catalina.out. Faili hilo halijikati lenyewe kwa tarehe kama wenzake; linaongezeka hadi diski iishe, na diski ikiisha hifadhidata nayo husimama. Liwekee logrotate, programu ya Linux ya kukata logi, yenye copytruncate.

Nihifadhi nakala rudufu za nini hasa?

Hifadhi vitu vinne: hifadhidata kwa pg_dump, folda ya nyaraka, folda ya conf ya CATALINA_BASE pamoja na setenv.sh, na faili la WAR lenye namba ya toleo kwenye jina lake. Tomcat yenyewe haina haja ya kunakiliwa, kwa kuwa inapakuliwa. Nakala moja ikae nje ya jengo. Kisha, angalau mara moja, chukua kompyuta nyingine tupu na ujenge mfumo mzima kutoka kwenye vitu hivyo vinne bila kuigusa seva ya kazi; utakachokikosa siku hiyo ndicho ambacho hukuwa ukikihifadhi.

Nawezaje kuweka toleo jipya bila kuwatoa watu waliomo ndani ya mfumo?

Tomcat inaruhusu matoleo mawili kuishi pamoja kwa kutumia alama mbili za reli: zabibu##001.war na zabibu##002.war. Yaliyomo kwenye anwani ya /zabibu hubaki yaleyale kwa aliyekwisha kuingia, hadi kipindi chake kiishe, na anayeingia upya hupelekwa kwenye toleo jipya. Namba hulinganishwa kama maandishi, hivyo anza na sifuri za mbele. Bila hizo, 11 itahesabiwa kuwa ya zamani kuliko 2. Faili la mipangilio nalo lifuate jina hilo, yaani zabibu##002.xml, la sivyo toleo jipya litawaka bila hifadhidata.

Njia hii ni salama pale tu matoleo yote mawili yanapoweza kutumia majedwali yaleyale. Ikiwa toleo jipya linabadilisha jedwali, kwa kufuta safu au kuibadilisha jina, watangazie watumiaji, chukua pg_dump, simamisha programu jioni baada ya makarani kuondoka, na uifanye kazi hiyo mfumo ukiwa hauna mtu.